Kitabu cha kitambaa cha wanyama wa nyumbani: namna ninavyokishona

Mtoto wa miezi minane ukimpa kitabu cha karatasi, atakila. Si ukorofi, meno yanaota, na kila anachoshika kinaishia mdomoni. Ndiyo sababu watoto wa hapa kwetu Marangu, mlimani Kilimanjaro, nawashonea kitabu cha kitambaa. Kinatafunwa, kinaburutwa sakafuni, kinamwagiwa uji, halafu Jumamosi kinafuliwa pamoja na nepi na kinaendelea na kazi.

Mimi ni fundi cherehani. Ninachoshona hasa ni sare za shule na magauni ya vitenge, na kila fundi anajua kilicho chini ya meza yake: gunia la mabaki ambalo huwezi kulitupa wala huna la kulifanyia. Vitabu vyangu vinatoka ndani ya gunia hilo. Cha kununua ni kitambaa cha kurasa tu. Ukiwa na cherehani ya miguu inayopiga mshono ulionyooka, inatosha kabisa. Zigizaga ni anasa.

Kabla ya mkasi, nenda bandani

Sehemu hii watu huiruka, na ndiyo inayofanya kitabu kiwe kizuri au kibaya. Usichore mnyama kwa kukumbuka. Nenda ukamtazame.

Vitabu vya picha vya mitumba vinavyofika mjini Moshi mara nyingi vina shamba la Ulaya: ghala jekundu, trekta, nguruwe wa waridi, kondoo wa sufu nyeupe mwili mzima. Kwao ni sawa. Mtoto wa mlimani, ng'ombe wake hayuko malishoni. Amefungiwa bandani katikati ya kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, na analetewa chakula: majani ya mgomba, mgomba uliokatwakatwa, na nyasi ambazo mama zetu wanazipandisha kutoka tambarare zikiwa kichwani. Kwa hiyo kwenye kitabu changu hakuna uwanda wa kijani. Kuna fito za banda, kuna hori, na migomba imejaa kila pembe. Wewe wa Dodoma weka zizi la miiba. Wa Lamu, sioni utaanzaje kitabu bila punda. Mtoto anatakiwa aweze kukichukua kitabu, atoke nacho nje, anyooshe kidole kwenye picha kisha kwa mnyama mwenyewe.

Haya ndiyo ninayoyaangalia kwa kila mmoja.

Mbuzi na kondoo. Hawa huchanganywa na watoto wa mjini, na wazazi wao pia wasijidai. Angalia mkia. Mbuzi mkia wake ni mfupi na mara nyingi ameuinua. Wa kondoo unaning'inia. Kondoo wetu wa Kimasai, wale wekundu, hawana sufu ndefu: wana manyoya mafupi na mkia mnono wenye mafuta. Mwili wake naukata kwenye blanketi la kahawia, mkia naujaza pamba kidogo ili mtoto apate cha kushika. Mbuzi namkata kwenye kitambaa laini, na jicho lake nalidarizi kwa makini, kwa sababu mboni ya mbuzi si duara. Ni mstari uliolala. Mtoto wa miaka minne aliyekaa karibu na mbuzi ataliona hilo na atakwambia.

Ng'ombe. Wa maziwa wengi wa huku wana damu ya Friesian: mabaka meusi na meupe, na hana nundu. Ukimwekea nundu umeshahamia kwa ng'ombe wa kienyeji, basi mpe na ile ngozi inayoning'inia shingoni. Usiwachanganye ukapata mnyama asiyekuwepo. Mimi nampenda wa mabaka kwa sababu nyingine pia: mtoto mchanga huona vizuri zaidi rangi zinazopingana sana, na nyeusi juu ya nyeupe ndiyo anayoitazama muda mrefu. Kiwele kiwe na chuchu nne. Mbuzi ana mbili. Na ukitaka kumchora amefungua mdomo, kumbuka mbele juu hana meno, ana ufizi mgumu tu. Nimeona ng'ombe wengi wa vitabuni wakicheka kwa meno ya juu.

Jogoo na mtetea. Hapa ndipo kitenge kinapotamba. Mkia wa jogoo unakubali kila kibaki chenye kelele ulichonacho, wala huwezi kukosea. Mtetea mpe rangi iliyotulia. Vidole ni vitatu mbele na kimoja nyuma. Upanga wa jogoo kichwani uwe mkubwa na mwekundu, maana mtoto huwatofautisha kwa huo kabla hajajua mkia.

Nguruwe huku kwetu anafugwa sana, lakini muulize mteja kwanza. Familia za Kiislamu nawawekea punda amebeba madumu ya maji. Sungura, bata, mbwa na paka hawana maneno mengi.

Kitambaa na vipimo

Kurasa nazishona kwa merikani nyeupe. Kadeti nyepesi pia ni nzuri, ila polista inateleza na haishiki mkunjo. Fua kitambaa kwa maji ya moto kabla ya kukata, kwa kuwa merikani hurudi, yaani husinyaa, na kikirudi baada ya kushonwa picha zote zitajikunja.

Ukurasa wangu ni inchi 8 kwa 8. Kitabu kina kurasa 12 ukihesabu na majalada. Unahitaji vipande sita, kila kimoja inchi 17 kwa 9; nusu inchi ya kila upande ni ya mshono. Kwenye kitambaa cha upana wa inchi 36, vipande viwili vinakaa bega kwa bega, mistari mitatu kwenda chini. Hiyo ni inchi 27 za urefu, robo tatu ya yadi kamili. Nunua mita moja, kitakachobaki utakatia kanda za kuandikia maneno.

Mabaki ya vitenge yapime rangi. Chukua kipande, kiloweshe, kiweke juu ya kitambaa cheupe, upige pasi ya moto. Cheupe kikipata rangi, hicho kirudishe kwenye gunia. Mtoto atakinyonya.

Mpangilio wa kurasa

Shika hapa vizuri, kwa sababu kurasa zinazoonekana pamoja kitabu kikiwa wazi si zile zinazoshonwa kwenye kipande kimoja, isipokuwa za katikati.

Kunja kila kipande katikati, piga pasi upate alama ya mkunjo, halafu andika namba kwa chaki ya fundi, kushoto na kulia:

Cha kwanza: 12 na 1
Cha pili: 2 na 11
Cha tatu: 10 na 3
Cha nne: 4 na 9
Cha tano: 8 na 5
Cha sita: 6 na 7

Kama una wasiwasi, jumlisha: kila kipande namba zake mbili hutoa 13. Isipotoka 13 umekosea.

Kurasa za 6 na 7 ndizo pekee zilizo kwenye kitambaa kimoja bila kukatika, kwa hiyo hapo ndipo pa ng'ombe. Mlaze kote kuwili, kichwa upande wa 7, mkia upande wa 6. Waliobaki mimi huwapanga hivi: jalada ni mlango wa banda, na jogoo juu yake, 2 ni jogoo anawika, 3 mtetea na vifaranga, 4 mbuzi, 5 kondoo, wakitazamana ili mikia ilinganishwe, 8 nguruwe au punda, 9 bata, 10 sungura, 11 mbwa na paka usiku. Jalada la nyuma naacha nafasi ya jina la mtoto.

Kushona picha

Picha zote zishonwe wakati vipande bado viko peke yake. Ukishaunganisha kurasa umechelewa, mshono wa mbuzi utatokea kwenye tumbo la jogoo.

Chora mnyama kwenye karatasi ya boksi, kata, ndiyo ruwaza yako ya miaka yote. Ilaze juu ya kitenge, zungushia chaki, halafu kata ukiongeza robo inchi kuzunguka. Ile robo inchi inakunjwa ndani na kupigwa pasi, kisha mnyama anashonwa pembezoni kabisa, jinsi unavyobandika mfuko wa shati la sare. Penye mviringo, kama mgongoni au kwenye makalio ya nguruwe, chanja kwa ncha ya mkasi kabla ya kukunja, la sivyo kitambaa kitagoma kulala. Vipande vidogo, masikio na miguu ya kuku, usihangaike kuvikunja: vikate kwenye blanketi au kitambaa kisichofumuka na uvishone kwa mkono. Anza kwa kupiga bandi, ile mishono mirefu ya muda, pini peke yake zinahama.

Mnyama akae inchi moja kutoka kila ukingo na inchi moja kutoka mkunjo wa katikati. Ng'ombe ndiye pekee anayeruhusiwa kuvuka mkunjo, na yeye mfanye wa tabaka moja la kitambaa, bila kujaza kitu tumboni, kwa kuwa mshono wa mgongo wa kitabu utampitia.

Sindano namba 14 inatosha hapa. Uzi uwe wa polista. Wa pamba mate ya mtoto yanauozesha.

Vitu vya kufunua

Mtoto akifika mwaka mmoja picha iliyolala haimtoshi, anataka kufungua kitu. Naweka vitatu tu.

Cha kwanza ni bawa la mtetea. Nashona bawa upande wa juu peke yake. Chini liko wazi, na mtoto akilinyanyua anakuta kifaranga. Kwa wakubwa kidogo badala ya kifaranga naweka yai, halafu mzazi anatega: nyumba yangu haina mlango. Akishajibu mara tatu, anaanza yeye kukutegea wewe. Ujiandae na maswali mengine, kwa mfano yai linalaliwa siku ngapi. Kuku ni 21. Bata wa kawaida ni 28.

Cha pili ni jani la mgomba, kwenye hori la ng'ombe. Nalishona la matabaka mawili ya kijani na katikati nasokomeza kipande cha ganda la biskuti, lile la nailoni linalopiga kelele, nimeliosha na sabuni. Mtoto akilibana linatoa mlio wa majani makavu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini Juni 2019, ganda la biskuti ndiyo nailoni iliyobaki ndani ya nyumba nyingi. Ukishalitia, pasi isilisogelee tena.

Cha tatu ni mlango wa banda kwenye jalada. Nyuma yake kuna ndama. Kichwa tu, kinatosha.

Kuna wateja wananiomba kifaranga cha kutoa na kurudisha mfukoni, kimefungwa kamba. Nafanya, lakini kamba haizidi inchi 6, na kifaranga ni kikubwa kuliko mdomo wa mtoto. Vifungo, shanga, kengele na macho ya plastiki sitii, hata mteja akileta mwenyewe. Kila jicho kwenye vitabu vyangu ni la uzi. Kifungo kilichoshonwa vizuri vipi, mtoto ana miezi ya kukitafuna, na siku kitakapoachia kitaachia kooni.

Maneno

Sentensi moja kwa kila ukurasa, tena yenye kitendo. "Huyu ni mbuzi" haina kazi, picha imeshasema. Mimi naandika: Jogoo anawika. Mbuzi anaruka. Ng'ombe anacheua. Bata anaogelea. Punda anabeba maji. Mbwa anabweka. Mtu mzima akisoma anapata cha kuigiza, na mtoto anaanza kucheza kitendo kabla hajaweza kutamka neno.

Hakikisha kitenzi kinaendana na idadi iliyo kwenye picha. Kuku mmoja ni kuku, na kuku wanne ni kuku vilevile. Mtoto anajifunza tofauti kwa kusikia anakula na wanakula huku akiona. Ukiandika "Kuku wanakula" chini ya kuku mmoja umemvuruga. Na kifaranga ni kiumbe: anakula, hakili kwa ki. Namwona mtu ameandika "kifaranga kinalia" kwenye ukuta wa chekechea, nashika kiuno.

Herufi ziwe ndogo, siyo kubwa tupu, maana ndizo atakazokutana nazo darasa la kwanza. Ziandike kwa penseli kwanza kwenye ukanda wa merikani, urefu wa inchi 6 na upana wa inchi moja, zidarizi kwa mshono wa nyuma, ule ambao sindano inarudi nyuma kidogo kila hatua, ndipo ushone ukanda chini ya picha. Makapeni ya wino wa kudumu inaharakisha kazi, lakini hata ile inayojiita ya kudumu hufifia, na sipendi wino mdomoni mwa mtoto. Kama muda huna, acha kitabu bila maneno. Bibi ataweka ya kwake kwa Kichaga, na kitabu hakitapinga.

Kuunganisha

Sasa una vipande sita vyenye picha. Vinaunganishwa viwili viwili, uso kwa uso: cha kwanza na cha pili, cha tatu na cha nne, cha tano na cha sita. Vichwa vya wanyama vyote vielekee juu. Hakiki kabla ya kushona: ukurasa wa 1 uangaliane na wa 2, wa 3 na wa 4, wa 5 na wa 6. Ikiwa merikani yako ni nyepesi na jogoo anaonekana kwa nyuma, ongeza kipande cha shuka kuukuu upande wa nje wa mmoja wao.

Shona kuzunguka kwa nusu inchi, ukiacha mwanya wa inchi 4 upande wa chini. Mwanya usiwe kwenye mkunjo. Kata pembe, geuza, sukuma ncha kwa kijiti cha mianzi au mpini wa kijiko, piga pasi ukiukwepa ukurasa wenye ganda la biskuti, halafu ziba mwanya kwa mkono.

Utakuwa na karatasi tatu za kitambaa. Zipandanishe kama daftari: chini kabisa ile yenye jalada, jalada likitazama meza, juu yake ile ya 3 na 4, juu kabisa ile ya ng'ombe, uso wake ukikutazama wewe. Piga chaki mstari wa katikati, zibane kwa pini nyingi, badilisha sindano uweke namba 16, refusha mshono, ushone kutoka juu hadi chini kisha urudi juu ya mshono uleule. Kwenye ncha mbili kitambaa kimejikunja na tabaka ni nyingi sana, hivyo usikanyage. Zungusha gurudumu kwa mkono mpaka uvuke. Cherehani ikigoma kabisa, toboa kwa msumari mwembamba na ushone kwa mkono kwa uzi wa viatu.

Pini zihesabu ulipozitoa kwenye kopo na uzihesabu zikirudi. Sindano ikivunjikia ndani, kazi isimame hadi vipande vyote vipatikane. Mimi nina sumaku iliyotoka kwenye spika ya redio mbovu, naipitisha kila ukurasa kabla sijamkabidhi mzazi.

Kufua na kurekebisha

Fua kwa mkono, maji ya vuguvugu, sabuni ya kipande. Usikamue kwa kusokota, ng'ombe atapinda. Kibane kati ya taulo mbili. Anika kikiwa wazi kama hema kwenye kamba, kivulini, maana jua la mchana linaua rangi ya vitenge. Msimu wa mvua huku mlimani kinaweza kuchukua siku mbili kukauka, na kikibaki na unyevu ndani kinanuka, kwa hiyo wenye mtoto mmoja wakati mwingine huagiza viwili.

Mahali panapochoka kwanza ni mgongo. Ukiona uzi umelegea, fumua mshono wote na uupige upya robo inchi pembeni. Ukishona juu ya matundu ya zamani, kitambaa kitachanika palepale kwenye mkunjo.